Mdudu Aliyetupangia Mahali pa Kukaa

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Kondoa)



 Katibu wetu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote, yaani kazi ya kuchunguza wadudu. Akaongeza kwamba nisizidishe nusu saa, maana baada yangu kuna chakula. Nitajitahidi, kwa sababu harufu ya pilau nami nimeisikia kama ninyi.

Nilipomaliza masomo hapa, katika miaka ya 1970, wenzangu waliajiriwa katika benki, katika ualimu na katika jeshi. Mimi niliajiriwa kukamata nzi. Nyumbani walinicheka. Mjomba wangu mmoja aliniuliza: "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo ili ukafukuze nzi porini?" Nilimjibu kwamba nzi huyo amewafukuza watu miaka mingi zaidi, na kwamba sasa ni zamu yetu. Mzee hakuridhika mpaka nilipopata mshahara wa kwanza.

Leo nataka kuwajibu wote waliouliza swali kama la mjomba. Nitalijibu kwa kuuliza swali jingine. Kwa nini watu wa Kondoa waliishi pale walipoishi? Kwa nini zamani watu na ng'ombe walibanana vilimani, Irangi juu, mpaka udongo ukachoka, hali kule chini kulikuwa na mapori makubwa yasiyo na mtu? Mgeni angeweza kufikiri kwamba wazee wetu walipenda kupanda milima. Sivyo. Walikuwa wamepangiwa mahali pa kukaa, na aliyewapangia ni mdudu mwenye urefu wa sentimeta moja hivi. Huyo ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo.

Kwanza tumfahamu. Mbung'o ni nzi wa rangi ya kahawia, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani. Akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine, kama makasi yaliyofungwa. Mdomo wake hutokeza mbele kama sindano. Katika mbu, anayekunywa damu ni jike peke yake. Lakini katika mbung'o, dume na jike wote chakula chao ni damu. Huwinda mchana, na hutumia sana macho. Kitu kikubwa cheusi kinachopita porini, kama ng'ombe, mtu mwenye baiskeli au gari, humvuta. Ndiyo maana wasafiri wa zamani wenye mifugo, walipolazimika kuvuka pori lake, walivuka usiku.

Mbung'o mwenyewe hazaliwi na ugonjwa. Anauchukua katika damu. Wanyama wa porini, kama vile ngiri, tandala na pongo, huwa na vimelea viitwavyo tripanosoma bila kuugua sana, kwa kuwa wamezoeana navyo kwa muda mrefu. Mbung'o akimnyonya mnyama huyo, kisha akamwuma ng'ombe, ng'ombe hupata nagana: hukonda, manyoya husimama, hutupa mimba, mwishowe hufa. Baadhi ya vimelea hivyo humwingia mtu na kumletea malale. Mgonjwa huanza kwa homa na maumivu ya kichwa. Baadaye vimelea vikifika kwenye ubongo, hulala mchana na kukesha usiku, akili huchafuka, na asipotibiwa hufa. Huko Uganda, katika maradhi makubwa yaliyoanza karibu na mwaka 1900, watu wapatao 250,000 walikufa kandokando ya Ziwa Viktoria.

Vitabu vinasema kwamba David Bruce ndiye aliyeonyesha, mwaka 1895 katika nchi ya Wazulu, kwamba nagana inaletwa na vimelea vinavyochukuliwa na mbung'o. Hiyo ni kweli, na ni kazi kubwa. Lakini neno nagana lenyewe ni la Wazulu. Wafugaji wa Afrika hawakuwa na hadubini, ila walijua ni pori gani likiingiwa na ng'ombe hawarudi. Elimu hiyo ndiyo iliyowaweka wazee wetu kwenye vilima vilivyo wazi, ambako hakuna vichaka vya kumpa mbung'o kivuli.

Mpaka kati ya watu na mbung'o haukusimama mahali pamoja siku zote. Ulisogea mbele na nyuma, na mara nyingi uliposogea kuelekea kwetu, chanzo kilikuwa balaa jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita katika nchi yetu na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe. Nyati na wanyama wengi wa porini nao walikufa, na kwa muda mbung'o pia akapungua kwa kukosa chakula. Lakini kilichofuata ni nini? Watu waliokuwa na njaa wakahama au wakafa. Mashamba yakaachwa. Pasipo ng'ombe wa kula majani wala watu wa kulima na kuchoma moto, vichaka vikaota. Wanyama wa porini wakaongezeka kabla ya watu, na mbung'o akawafuata. Kwa hiyo pori ambalo mgeni aliliona miaka ya 1920, akadhani liko hivyo tangu kuumbwa kwa dunia, mara nyingine lilikuwa shamba la babu wa mtu.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, nayo ilipita hapahapa. Mwezi Aprili 1916, Jenerali van Deventer alitoka Arusha na kikosi cha askari wa farasi kutoka Afrika ya Kusini, akaiteka Kondoa. Usiku wa tarehe 9 Mei, Wajerumani wakiongozwa na von Lettow-Vorbeck walijaribu kuirudisha, wakashindwa. Mambo hayo mnayasoma katika historia. Lakini katika historia hiyo kuna jeshi la tatu ambalo halitajwi sana. Farasi wale walikufa kwa mamia, wengine njiani, wengine wakiwa hapa. Waliuawa na nagana na kwa ugonjwa mwingine wa farasi ambao wakati ule hakuna aliyejua unaenezwa na nani. Ilikuwa mpaka mwaka 1944 ndipo mtaalamu mmoja wa Afrika ya Kusini, du Toit, alipoonyesha kwamba unaenezwa na usubi, vile vidudu vidogo kabisa vinavyouma jioni karibu na maji. Askari wa farasi wakawa askari wa miguu, na wadudu hawakupoteza hata risasi moja.

Na farasi, punda na ng'ombe wa mikokoteni wakifa, mizigo inabebwa na nani? Inabebwa na mtu, kichwani. Wapagazi walioajiriwa au kukamatwa katika vita ile walikuwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Jina la kikosi chao cha Waingereza limebaki mpaka leo katika soko la Kariakoo huko Dar es Salaam. Ukinunua kitenge Kariakoo, kumbuka kwamba sababu mojawapo ya kuwapo kwa jina hilo ni nzi. Kisha hapa katikati ya nchi ikafuata ile njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Vijiji vikapungua watu, na pori likapata nafasi tena.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya vita Serikali ya kikoloni iliona kwamba mbung'o anakula nchi. Ikaanza kazi ya uchunguzi, ikiongozwa na C. F. M. Swynnerton, na makao yake makuu yakawa Shinyanga. Lakini vijana wengi wa hapa hawajui kwamba Kondoa nayo ilikuwa na kituo, pale Kikore. Mwishoni mwa miaka ya 1920 T. A. M. Nash alifanya kazi Kikore akipima jinsi joto na ukavu vinavyotawala maisha ya mbung'o. B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea, alitembea katika vichaka vya Kikore, Kolo na Bereku akikusanya majani na maua, ili ijulikane mbung'o anapenda miti gani. Burtt na Swynnerton walikufa pamoja mwaka 1938 katika ajali ya ndege. Majani aliyoyakusanya Burtt yamehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya mimea ya Ulaya, na jina la Kondoa limeandikwa juu yake.

Hawakuwa peke yao porini. Walikuwapo vijana wa vijiji vyetu waliotembea njia zilizopimwa, wakimswaga ng'ombe wa chambo, wakikamata kwa wavu kila mbung'o aliyetua na kuandika idadi yake. Majina yao hayakuandikwa vitabuni. Nilipoanza kazi niliwakuta wazee wachache wa aina hiyo. Mmoja wao alikuwa akitazama mti tu, anasema, "Hapa wapo, pale hawapo," kisha mnahesabu na kukuta amesema kweli. Sisi wenye vyeti tulijifunza kwake.

Sasa, mtu atauliza: Nzi wa porini unawahesabuje? Vijana wa hesabu, sikilizeni hapa. C. H. N. Jackson, aliyekuwa Shinyanga, aliwatia mbung'o alama za rangi mgongoni na kuwaachia. Tuseme umekamata mbung'o 200, ukawatia rangi, ukawaachia wachanganyike na wenzao. Baada ya siku chache unakamata 100, na katika hao 5 wana rangi. Watano katika mia ni sehemu moja ya ishirini. Kwa hiyo wale 200 wa mwanzo ni kama sehemu moja ya ishirini ya wote, na wote ni kama 4,000. Bila shaka wengine hufa na wengine huhama, na Jackson alitafuta njia ya kulipima hilo pia. Lakini msingi ni hesabu ya darasani. Msimwambie tena mwalimu kwamba uwiano hauna kazi.

Jambo kubwa lililogunduliwa ni udhaifu wa mbung'o, na udhaifu huo umo katika uzazi wake. Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o hatagi. Jike hulilea buu moja tumboni, akilinywesha maziwa yanayotoka katika tezi zake, kwa muda wa siku tisa au kumi, kisha hulizaa likiwa limekomaa. Buu hilo hujichimbia kwenye udongo mlaini kivulini, ngozi yake hugeuka kuwa ganda gumu jeusi, na baada ya mwezi mmoja hivi mbung'o kamili hutoka. Jike aliyeishi vizuri atazaa watoto wapatao wanane au kumi tu maishani mwake. Aidha, kwa kawaida jike hupandwa mara moja, na mbegu ile humtosha mpaka kufa.

Mdudu anayezaa polepole hivyo anaweza kushindwa, ila ni lazima umjue. Wakati wa kiangazi kikali hawezi kukaa popote. Hukusanyika mahali pachache penye kivuli na unyevu. Ukipajua hapo, huna haja ya kufyeka pori zima. Unafyeka sehemu hizo. Huko Shinyanga, Wasukuma kwa maelfu walitoka na mashoka kufyeka na kuchoma vichaka, wakapata malisho. Na likaonekana jambo jingine ambalo naomba mlishike: pori likifyekwa na watu wasikae, baada ya miaka michache vichaka vinarudi, na mbung'o anarudi navyo. Shoka humwondoa, lakini anayemzuia asirudi ni mtu aliyekaa, akalima, akafuga.

Nisije nikawafanya mfikiri kwamba kila njia iliyotumika ilikuwa nzuri. Katika nchi kadhaa za Afrika wanyama wa porini waliuawa maelfu kwa maelfu ili mbung'o akose damu. Watu walihamishwa kwa nguvu kutoka vijijini mwao kwa sababu ya malale. Baadaye zikaja dawa kali za kunyunyiza, kama DDT na dieldrin, ambazo ziliua mbung'o na visivyo mbung'o. Mtu mwenye hasira na asiye na maarifa huichoma nyumba ili aue panya.

Tofauti na hayo, napenda niwasimulie juu ya njia iliyoanza katika nchi yetu wenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, F. L. Vanderplank aligundua huko Shinyanga kwamba aina mbili za mbung'o, yule wa pori kavu la miiba na yule wa miombo, hupandana bila kujuana, lakini uzao wao ni tasa. Akawakusanya wa miombo na kuwaachia katika pori kavu. Wenyeji wakapoteza uzazi wao katika ndoa zisizo na watoto, wakapungua sana. Na wageni nao hawakuvumilia ukavu ule. Mdudu aliangamizwa kwa harusi, wala si kwa sumu.

Wazo kama hilo lilifanyiwa kazi Marekani kwa nzi wa aina nyingine, kwa kuwafanya madume kuwa tasa kwa mionzi. Kisha likarudi kwetu. Katika miaka ya 1990 nilikuwa katika kazi ya Unguja. Huko Tanga tulifuga mbung'o ndani ya vyumba vyenye joto lililopimwa, tukiwalisha damu ya ng'ombe iliyowekwa chini ya ngozi ya plastiki, nao wakaitoboa kama ngozi ya mnyama. Madume yalipigwa mionzi, yakatiwa katika maboksi ya karatasi na kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Kabla ya hapo mbung'o walikwisha kupunguzwa kwa dawa ya kupaka ng'ombe na kwa vitambaa vya buluu vyenye sumu, maana buluu humvuta mbung'o. Kuanzia Agosti 1994 mpaka Desemba 1997 yalimwagwa madume tasa zaidi ya milioni nane. Jike akipandwa na dume tasa, na kwa kuwa hapandwi tena, habari yake imekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana Septemba 1996. Tangu hapo Unguja haina mbung'o. Waliofanya kazi hiyo, wengi wao, walikuwa Watanzania wa shule kama hii.

Hata malale yenyewe imepata dawa mpya. Zamani ugonjwa ukishafika kwenye ubongo, mgonjwa alichomwa sindano ya dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe iliweza kuua wagonjwa kama watano katika kila mia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu malale ya aina ya kwetu kwa vidonge vya fexinidazole. Vidonge, ndugu zangu, badala ya ile sindano ya moto.

Basi turudi Kondoa. Je, mbung'o alipoondolewa katika sehemu kubwa ya nchi ya chini, tulipata raha? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Wataalamu wa udongo wameonyesha kwamba mmomonyoko wa vilima vyetu ulianza karne nyingi zilizopita. Lakini kubanana kwa watu na mifugo juu, kwa kuogopa pori la chini, kulizidisha maradhi ya ardhi mpaka makorongo yakaweza kumeza nyumba. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika la kilometa za mraba 1,256. Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka. Majani yaliota, miti ikarudi, makorongo mengi yakatulia. Lakini pia kulikuwa na watoto waliokosa maziwa na mashamba yaliyokosa samadi, na wengine walihama na ng'ombe wao wasirudi. Ilikuwa mpaka mwaka 1989 ndipo ng'ombe wa maziwa waliporuhusiwa, wakiwa wamefungwa zizini.

Tumeona basi kwamba mbung'o alitunyima ardhi, lakini pia bila kujua aliilinda. Alikuwa askari wa msitu asiyelipwa mshahara. Alipoondoka, tuliingia na shoka, na hakuna aliyechukua zamu yake. Ardhi iliyonyakuliwa kutoka kwa mdudu haikuwa zawadi, ilikuwa amana. Tukiichosha tutakuwa tumemshinda mbung'o ili tushindwe na mvua. Kumbe mlima ulioharibika na pori lenye mbung'o vyote vinamwambia mkulima neno moja: hapa hukai.

Wala vita na wadudu havijaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana huko Tabora dumuzi, mdudu wa mahindi aliyetoka Amerika ya Kati. Watu wakamwita Skania kwa jinsi alivyosaga ghala. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia nchini, navyo ni wageni kutoka Amerika. Nawaona wakulima wetu wakinyunyiza dawa saa saba mchana, wakati kiwavi amejificha ndani kabisa ya mhindi. Dawa inakauka juani, kiwavi anacheka. Aliyemtazama kiwavi anajua kwamba hutoka jioni na usiku, na kwamba wakati wa kumpata ni angali mdogo. Vilevile nawaona wakinyunyiza alizeti ikiwa imechanua. Alizeti hujaza mbegu kwa kazi ya nyuki. Anayewaua nyuki ili kuokoa ua amepoteza mafuta na asali kwa mkupuo mmoja. Kosa ni lilelile: kumpiga mdudu kabla ya kumjua.

Vijana, sasa nasema nanyi. Nina maombi matatu.

Kwanza, tazameni kwa macho yenu wenyewe na muandike. Shule ianzishe daftari moja la wadudu, likae maktaba. Kila wiki wanafunzi wawili waandike wamemwona nani, juu ya mmea gani, saa ngapi, baada ya mvua au kabla. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kikombe chochote cha michezo kilichoko ofisini, na naomba radhi kwa wachezaji.

Pili, waulizeni wazee. Muulizeni mrina asali wa Kolo nyuki wanahama lini. Muulizeni mchungaji wa Kisandawe au wa Kiburunge ni pori gani lilikuwa na ndorobo, na lilianza lini kuwa salama. Kila mzee anayezikwa bila kuulizwa anazikwa na maktaba yake.

Tatu, msiione kazi hii kuwa ndogo kwa sababu mdudu ni mdogo. Mmesikia leo mdudu aliyezuia jembe, aliyewabebesha watu mizigo vichwani, aliyeangusha farasi wa majenerali. Aliyemweza hakuwa mwenye nguvu. Alikuwa mtu mwenye wavu, daftari na subira, aliyekaa chini ya mti mmoja siku nzima akihesabu.

Mwalimu Mkuu, sikuja mikono mitupu. Nimeleta lenzi tano za mkononi, nyavu mbili, na daftari lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza nimeuacha wazi, ili ujazwe na mwanafunzi wa kidato cha kwanza, maana yeye ndiye mwenye miaka mingi mbele yake ya kuendelea kuandika.

Muda wangu umekwisha, na pilau inapoa.